Mama Anapunguza

Jumapili, tarehe 3 Februari

Kwako Dada,

Shikamoo. Huku tunapumua. Mama mzima, goti tu ndilo linampa shida akipanda ngazi. Mimi sina neno. Mgongo wako vipi? Na wale wageni wa hotelini wanaolala na viatu kwenye mashuka yako, bado wapo? Pole na kazi.

Usishangae kuona barua na simu ipo. Kwenye simu we ukianza kuongea mimi nabaki "ndiyo Dada, ndiyo Dada", ukishakata ndio nakumbuka nilichotaka kusema. Barua huwezi kuikatiza. Nimempa yule dereva wa lori la vigae, nilimshonea kiti chake cha lori upya, anapita mji wako kila wiki mbili tatu. Amesema ataiacha pale mapokezi ya hoteli.

Nilichotaka kusema ni hiki: Mama anapunguza.

Ilianza benki. Kumbe alikuwa na akaunti nne. Ya mshahara, ya ada zetu za shule (zako zaidi, mimi si niliishia la tano), ya marehemu Baba, na moja hata yeye hakumbuki aliifungua ya nini. Zote zilikuwa zinakatwa makato kila mwezi, kimyakimya. Tumekwenda wote, mimi nikakaa kwenye benchi. Yule binti wa dirishani akamuuliza, "Mama, una hakika unataka kufunga zote tatu?" Mama akamwambia, "Mwanangu, nimeshika matumbo ya watu yakiwa wazi miaka thelathini na moja. Nina hakika." Watu kwenye foleni wakageuka kumtazama.

Akatoka kwenye vyama viwili vya kuchangishana, akabaki na kimoja. Laini ya pili ya simu akaitupa. Gari la Baba lililokaa juu ya mawe miaka yote ile, amemwita mnunuzi wa vyuma chakavu akalikokota siku hiyohiyo.

Sasa kesho anaanza plasta. Ile nyeupe ya hospitali, ya kushikia bandeji. Anasema atabandika kipande kwenye kila kitu humu ndani, kila sufuria, kila kiti, kila shuka, na tarehe juu yake kwa mkono wake. Ukitumia kitu, unabandua plasta unampelekea, anaibandika kwenye daftari. Siku sitini zikiisha, kitu ambacho bado kina plasta kinaondoka. Eti huko chumba cha upasuaji kwenye trei wanaweka kile tu ambacho mkono utakiomba.

Milango ya vyumba nayo inabandikwa. Nimemuuliza, "Na chumba cha Dada?" Akasema, "Kitumike." Basi, akarudi kwenye mkasi wake.

Nakwambia mapema. Sijui anakwenda wapi na hili, ila namwona anavyozitazama kuta. Anazitazama kama mtu anayeaga.

Mdogo wako

---

Tarehe 19 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo ndio huohuo, na wageni ndio haohao, juzi mmoja amefulia kwenye beseni la kunawia uso mpaka maji yakashuka ghorofa ya chini. Namshukuru Mungu mko wazima. Mama apelekwe goti likaonwe, nitatuma hela.

Barua yako nimeisoma mara mbili nimesimama stoo ya mashuka. Hivi nani anamtia Mama maneno? Ana miaka sitini na mbili, anaanza kujitoa kwenye vyama kama mtu anayejiandaa kufa? Rangi ya nyumba ile nimepaka mimi. Bati za upande wa jikoni ni mimi. Mlinzi pale getini namlipa mimi, mwaka wa sita huu. Leo nisikie mama yangu kaanika sufuria uani anauza? Watu watasema watoto wamemtupa.

Sasa fanya hivi, na usimwambie. Nenda ubandue plasta kwenye vitu vyangu vyote. Mlango, kitanda, kabati, kioo, cherehani, sanduku la bati, na pazia zile za kahawia. Utupe mbali. Siku zake zikifika vitaonekana vimetumika, ataviacha. Yeye mwenyewe ndiye kaweka sheria.

Kila siku mimi nahakikisha vyumba tisini vya watu nisiowajua viko tayari. Mshindwe kuniwekea kimoja?

Umenisikia?

Dada yako mkubwa

---

Jumapili, tarehe 7 Aprili

Kwako Dada,

Shikamoo tena. Hela ya goti ilifika, tulikwenda, wamempa dawa ya kupaka na maneno: apunguze ngazi. Alicheka mpaka daktari akaona aibu. Mimi mzima. Wewe je, mgongo?

Ulichonituma nilikifanya. Sasa sikia kilichotokea.

Juzi Ijumaa siku sitini zimetimia. Mnunuzi wa vitu alishafika na mkokoteni, yuko uani anakunywa maji. Mama yuko mezani na daftari, miwani puani. Ananiambia, "Nilibandika mia mbili na kumi na tatu. Humu kwenye daftari ziko themanini na nane. Kwenye vitu nimehesabu mia moja na kumi na nane. Fanya hesabu."

Nikasema sijui.

"Saba hazipo," akasema. "Funga mlango."

Dada, hiki wewe na mimi hatukukifikiria. Mtu aliyefanya kazi yote ya maisha yake kuhesabu vitambaa vinavyoingia tumboni na vinavyotoka, sisi tukaenda kumwibia plasta! Akaniambia kule kazini kitambaa kimoja kikipungua mgonjwa hashonwi. Hata daktari mkuu awe na safari. Daktari anapiga kelele, manesi wanapiga magoti chini wanatafuta. "Na hapa hakiondoki hata kijiko mpaka saba zipatikane."

Basi tukaanza. Chini ya makochi, nyuma ya friji, kwenye pipa. Mnunuzi anachungulia dirishani, "Mama, jua linaniua huku." Mama anamjibu, "Kaa kivulini." Akaitwa mlinzi, aligeuze koti lake mifuko nje. Yule mzee akasema, "Mama, mimi plasta niipeleke wapi, nimejikata?" Lakini akageuza. Kukatoka ufunguo, kipande cha mkate na picha ya mkewe. Akabaki amesimama na mkate wake mkononi.

Hapo nikashindwa. Nikaingiza mkono mfuko wa shati nikazitoa. Sikuwa nimezitupa. Kila moja aliandika tarehe kwa mkono wake, nilishindwa kuzitupa. Zilikuwa zimegandana kama kidonge.

Nilijua nakula kofi. Mama akakaa chini, akazitenganisha kwa kucha moja moja, akazipanga mezani mpaka saba. Akaniuliza, "Nani kakutuma?" Nikanyamaza. Akasema, "Ukinyamaza hivyo ni dada yako."

Kisha akamwomba mlinzi radhi, mbele yangu na mbele ya mnunuzi, akamrudishia picha yake kwa mikono miwili.

Sasa maneno yake ni haya, ameniambia niandike yalivyo: "Mwambie nimepata mtu wa kununua nyumba. Ni yule mwenye chekechea, anataka vyumba na uwanja. Na mimi nimepata vyumba viwili na jiko, chini, nyuma ya kiwanda cha barafu, dakika kumi kwa miguu mpaka hospitali. Nalipa vyumba hivyo vinakuwa vyangu. Hela itakayobaki naiweka mahali inanipa kidogo kila miezi sita, nimewauliza benki maswali mpaka wamenichoka. Hiyo na pensheni inanitosha. Sitaki tena kuishi kwa kusubiri kutumiwa. Lakini sitauza kwa siri. Aje anitazame usoni aniambie anarudi lini kuishi humu. Kuishi, sio kulala siku mbili akiulizia taulo. Akitaja mwaka nitangoja. Mwisho wa mwezi wa tano asipokuja, nauza."

Mwenye chekechea anataka mtoto mmoja wa Mama asaini kama shahidi, asije mtu kesho na kilio chake getini. Nadhani unaona kwamba nimebaki mimi.

Mdogo wako

---

Tarehe 21 Aprili

We mtoto,

Ni mzima, na afya yangu usiniulize, barua yako imeshaniuliza.

Sitakuja. Huu ni msimu, hoteli imejaa, nikiondoka narudi nakuta mwingine ana funguo zangu. Mama anajua hilo. Anajua kabisa ndiyo maana kaweka mwezi wa tano.

Sasa soma polepole. Usisaini. Usiposaini, yule mwanamke wa chekechea ataogopa, Mama atatulia, na mimi nitaongea naye nyumba iandikwe jina lako. Ndiyo, lako. Mimi nitakuwa na chumba changu tu. Kibaraza chote utakifanya karakana, uweke makochi unayoshona, uandike na bango. Unajua kodi ya kibanda mjini ni kiasi gani? Utamaliza sponji zote kulipa kodi. Nyumba ya vyumba sita, bure, kwa kutogusa kalamu tu. Nani mwingine atakupa?

Na nikwambie kitu kingine, sio kukutukana. Shule huna. Karatasi utakayopewa hutaielewa. Wenye elimu zao wanalizwa kwenye mikataba, sembuse wewe. Usijifanye mtu mzima kwa jambo usilolijua.

Nikiwa stoo ya mashuka nikafunga macho, ile nyumba ndiyo naiona. Ngazi, dirisha langu, yale maua ya kwenye pazia. Miaka tisa nimevumilia watu kunipigia vidole kwa sababu najua niko njiani. Mkiiuza nitarudi wapi?

Ukisaini usiniite dada tena.

Mimi

---

Jumapili, tarehe 5 Mei

Kwako Dada,

Shikamoo. Natumaini hasira haijakupandisha mgongo. Sisi wazima, Mama anakohoa kidogo, ni vumbi la makabati.

Barua yako nimemsomea Mama yote. Na ile ya shule nimesoma, sikuiruka. Alipofika pale pa "nitarudi wapi" (nilisoma mimi, lakini yeye alifika kabla yangu, alikuwa anachungulia) akavua miwani. Akasema, "Arudi kwangu. Nyumba haijamzaa." Akaenda kuangalia maharage, nikasikia amesimama tu pale jikoni, hata mfuniko hakufunua.

Mimi huwa siongei sana, unanijua. Ila naona. Na kuna kitu nimekiona mwaka mzima sijakusimulia, kwa sababu ilikuwa siri yake na yeye hajui kwamba naijua.

Kila jioni Mama anapanda juu kufunga madirisha. Ya chumba chako, ya chumba cha wageni ambao hawaji, ya chumba cha Baba. Kupanda anapanda kwa kushika ukuta. Kushuka hawezi. Anakaa chini, Dada. Anakaa kwenye ngazi kama mtoto anayejifunza, anashuka kwa makalio, ngazi moja, anapumzika, nyingine. Zipo kumi na saba. Anaimba kidogo ili mimi kibarazani nidhani yuko juu bado anafanya kazi. Mimi napiga nyundo kwa nguvu ili adhani sisikii. Tunaigiziana hivyo kila siku.

Hizo ndizo ngazi unazoziona ukifunga macho.

Na chumba chako ninakifagia mimi kila Ijumaa, miaka tisa. Sijawahi kusema nimechoka. Nimechoka.

Nyumba yako ya bure siitaki. Nimelala nikaifikiria, sikudanganyi, bango nililiona mpaka rangi yake. Lakini nikiipokea nitakuwa mlinzi wako wa pili, yule wa getini na mimi wa ndani. Na Mama atakuwa juu anafunga madirisha.

Kuhusu karatasi. Nimeichukua ya mkataba nikaisoma siku nne, kidole juu ya mstari. Neno nisilolijua naliandika kwenye ubao wa kochi, kesho yake namuuliza karani wa posta. Kurasa sita. Ukurasa wa nne kuna mahali wameandika kibaraza na "vyote vilivyomo" vinakwenda na nyumba. Vilivyomo ni mashine yangu, meza yangu, na makochi ya watu manne! Mama alishapita hapo, na mwenye chekechea alishapita, na mwandishi wa mkataba ana shahada ukutani. Nilikwenda ofisini kwake peke yangu. Nikaweka kidole juu ya mstari. Akasoma, akasema, "Aisee." Akakifuta kifungu kile, akaandika upya.

Basi usiniambie tena sielewi.

Mwezi haujaisha. Mama anakungoja, hasemi, lakini anakungoja. Taja mwaka tu. Ukitaja mwaka kweli, mimi mwenyewe nitaichana ile karatasi, na madirisha nitapanda kuyafunga mimi.

Mdogo wako

---

Vyumba namba 4 na 5, nyuma ya kiwanda cha barafu
Jumapili, tarehe 30 Juni

Kwako Dada,

Shikamoo. Sijui hali yako, wiki nane tangu nikuandikie hujajibu. Dereva anasema alikuona kwa mbali mapokezi unamgombeza mtu, nikashukuru, nikajua mzima. Mama mzima. Goti limepungua kuvimba. Mimi nimekonda kidogo, ni kuhama.

Siku ya mwisho ya mwezi wa tano Mama alivaa viatu tangu asubuhi. Hakusema anakwenda wapi, na hakwenda. Alikaa kibarazani kwenye kochi la mteja, mimi nikashona lingine. Kila gari likipunguza mwendo anajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Mchana nilikupigia, mara moja, ikaita mpaka ikakata. Jioni akavua viatu akavipanga. Akasema, "Ana kazi nyingi." Hakukusema vibaya, ujue hilo. Nilisubiri akuseme ili na mimi nipate pa kuanzia, hakukusema.

Jumatatu tukaenda kusaini.

Nilishika kalamu, nikausoma tena mstari wa jina. Mwenye chekechea akasema, "Hata dole gumba linatosha, kijana wangu." Mama akamwambia, "Mwache." Nikaandika jina langu lote, herufi kwa herufi, na la Baba nyuma yake. Ilichukua muda mpaka karani akaangalia saa. Aangalie. Jina langu lile, halikuwa la saa yake.

Kwa hiyo nimesaini, Dada. Hakunilazimisha mtu, wala sikudanganywa. Nilijua kila neno la kurasa zile sita.

Sasa nikwambie tulivyo. Vyumba viwili na jiko. Mama ana kitanda, kabati moja, meza, viti vinne, redio. Akaunti moja, laini moja, chama kimoja. Tarehe tano alikwenda benki, akachukua ya mwezi, akarudi na ndizi. Jana kaniambia, "Unajua leo sijatafuta funguo?" Zamani alikuwa na kumi na tisa. Anakwenda hospitali kwa miguu, sio kutibiwa, anawafundisha manesi wapya kuhesabu vitambaa, asubuhi mbili kwa wiki, hawamlipi na anawafokea bure. Amenunua viatu vyekundu. Nilimuuliza, "Mama, vyekundu?" Akasema, "Kwani vya kwako?"

Upande wangu sio tamu yote. Nimepanga nusu ya kibanda kwa fundi wa kuchomelea, cheche zake zinaruka mpaka kwenye sponji zangu, tunagombana kila siku. Kodi inauma. Mwezi huu nilikula kwa hela ya Mama mara nyingi kuliko nilivyopanga. Ila nimeandika bango.

Mlinzi ameajiriwa na chekechea. Hela yake usitume tena. Na hela ya bati, ya rangi, ya mafundi bomba, zote acha. Mama anasema kanunue nayo kitu cha kulalia chako, huko uliko, maana umetandika vitanda vya watu miaka tisa na wewe ulisema kwenye simu unalala cha kuazima.

Vitu vyako. Kitanda, kabati na kioo vimebaki kule, watoto wanajitazama wakichana nywele. Pazia Mama amekata mapazia ya hapa. Cherehani ninayo, naitumia, ukiitaka nitakupa. Sanduku la bati analo dereva, linakuja pamoja na barua hii. Hatukulifungua.

Nilitaka kuweka hapa neno samahani. Nimeliandika mara mbili nikalikata, kwa sababu halikuwa kweli. Kinachoniuma ni kwamba hukuja, na kwamba unadhani tumekutoa. Hatujakutoa popote. Tumehama tu.

Umesema nikisaini nisikuite dada. Nimesaini, na nimekuita tangu mstari wa kwanza, na nitaendelea. Hilo halikuwa lako kulifunga.

Dereva nimemwambia ashushe sanduku aondoke, asisubiri jibu. Anwani iko pale juu. Jibu ukiwa nalo, lilete mwenyewe.

Mdogo wako